Kadi ya Kumbukumbu Inapokataa Kusomwa

Natumaini kila kikundi kimekwisha keti, na kiongozi wa darasa amekwisha gawa karatasi za somo. Asiyekuwa na karatasi na asogee kwa jirani yake. Leo tutataja amri chache ambazo sharti ziandikwe herufi kwa herufi, wala sikio peke yake halitoshi. Kwa hiyo zimechapwa katika karatasi, kila moja katika mstari wake, ili jicho lisaidie sikio.

Katika somo lililopita tulihamisha picha kutoka kwenye kamera mpaka katika kompyuta inayoendeshwa kwa Linux. Linux, kama mkumbukavyo, ni ule mfumo wa kuendesha kompyuta ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, na ambao mtu aweza kuupata bila kulipa ada. Wengi wenu mlituletea barua mkiuliza: Je, kadi ikikataa kusomwa, tufanyeje? Somo la leo ni jibu la barua hizo.

Nitaanza kwa kisa. Jirani yangu mmoja, mama wa makamo, ni katibu wa chama cha kuweka na kukopa chenye wanachama 31. Kila mkutano ukiisha huandika katika daftari kubwa nani ameweka nini na nani amekopa nini, kisha huupiga picha ukurasa ule kwa kamera yake ndogo. Wenzake walikuwa wakimcheka kwa desturi hiyo. Siku moja ya masika paa lilivuja usiku kucha, daftari likalowa, na wino ukachuruzika mpaka kurasa zikawa rangi ya bluu tupu. Hakuna aliyecheka tena. Hesabu za watu 31 zilikuwa zimebaki katika kadi moja, ukubwa wake kama stempu ya barua. Akaitia katika kompyuta ya binti yake, na kompyuta ikasema haiwezi kuisoma.

Alinijia jioni, kadi ameifunga katika leso kama mtu aliyebeba yai.

“Mwalimu,” akasema, “mashine inaniuliza kama iifomati kadi. Nikubali?”

“Hapana, mama. Usikubali, wala usiirudishe katika kamera. Umekwisha piga picha nyingine yoyote tangu hapo?”

“Bado.”

“Basi tumaini lipo.”

Kwa nini nilimkataza? Fikirini posta ya mjini. Kuna ukuta mzima wa masanduku yenye namba, na mezani pana kitabu cha karani. Kitabu chasema: mzigo wa fulani umeanzia sanduku la 40, unaendelea la 41, kisha la 97. Kadi ya kumbukumbu ndivyo ilivyo. Masanduku yake huitwa sekta, na kila sekta huchukua baiti 512. Kadi ya yule mama, ya gigabaiti 8, ina sekta zaidi ya milioni 15, na picha moja huenea katika maelfu ya sekta. Kitabu cha karani nacho kimeandikwa humo humo ndani ya kadi, karibu na mwanzo. Kitabu kikichanika, kompyuta haijui picha ipi ianzie wapi, hata kama picha zenyewe zimekaa salama katika masanduku yake.

Kufomati ni kumpa karani kitabu kipya kisichoandikwa neno. Mara nyingi mizigo huwa bado imo, lakini karani hana habari nayo, na kesho ataweka mizigo mipya juu ya ile ya zamani. Basi ajabu yake ni hii: kompyuta huleta shauri hilo kwa upole, kama daktari anayempa mtu kidonge cha homa. Mimi mwenyewe zamani nilikubali, nikaanza kuitumia kadi upya siku ile ile. Picha za arusi ya mdogo wangu nilizipata nusu tu, naye hajaacha kunikumbusha.

Sasa tazameni kadi yenyewe, kabla hamjagusa kibodi. Itoeni, igeuzeni chini ya mwanga. Upande wa nyuma mtaona vipande vyembamba vya rangi ya dhahabu. Kadi kubwa ya SD ya kawaida ina vipande 9, na ile ndogo ya simu ina 8. Umeme wote na habari zote hupita hapo. Jasho la vidole, vumbi, na chumvi ya hewa ya pwani hufanya utando usioonekana kwa macho, nao watosha kuuzuia umeme. Futeni kwa kitambaa kikavu kisichotoa nyuzi. Uchafu ukikaidi, lowesheni ncha ya kitambaa kwa spiriti safi kidogo, kisha ngojeni mpaka ikauke kabisa. Msitumie kisu wala msasa. Nimepata kuona kadi iliyokwanguliwa kwa wembe, na mwenyewe akaniambia kwa fahari kwamba sasa inang'aa. Kweli iling'aa, maana dhahabu yote ilikuwa imetoka.

Ubavuni mwa kadi kubwa kuna kijiti kinachosogea juu na chini. Kikiwa upande wa kufunga, kompyuta haiandiki juu ya kadi. Watu wengi hudhani kijiti hiki ndicho kinachoizuia kadi isisomwe. Sivyo. Huzuia kuandika, kusoma hakuzuii. Nasi leo twakitaka kiwe upande wa kufunga, kwa sababu hatutaki kitu chochote kiandikwe juu ya mgonjwa wetu. Ila msikitegemee mno. Kijiti hakiunganishwi na kitu chochote ndani ya kadi. Ni kama bendera tu, na kifaa cha kusomea ndicho kinachoitazama. Viko vifaa visivyojali bendera. Kadi ndogo ya simu haina kijiti, lakini ile adapta yake, yaani gamba tunalolivisha ili ienee katika tundu kubwa, aghalabu inacho. Na gamba hilo lenyewe likilegea huleta matata. Jaribuni jingine kabla ya kuilaumu kadi.

Hapa tufanye kama afanyavyo mtu mwenye tochi isiyowaka. Hatupi tochi. Hubadilisha betri, isipowaka, hubadilisha balbu. Tieni kadi nyingine, iliyo nzima, katika kifaa kile kile cha kusomea. Ikisomeka, kifaa ni kizima. Kisha tieni kadi yenye shaka katika kifaa kingine, au katika kompyuta nyingine. Ikisomeka huko, kadi haina kosa, na shida ni kifaa cha kwanza, au waya wake, au tundu la USB. Badilisheni kitu kimoja tu kwa mara moja. Mtu akibadilisha waya na kifaa na tundu kwa pamoja, kadi ikasomeka, hatajua hata siku moja kilichoponya ni kipi, na juma lijalo atatumia tena waya ule mbovu.

Liko pia jambo la umri. Kadi za SD za namna ya kwanza zilifika gigabaiti 2. Mwaka 2006 zikaja SDHC, ambazo hufika gigabaiti 32, na baadaye SDXC zinazopita hapo. Kifaa cha kusomea kilichotengenezwa kwa ajili ya zile za kwanza tu hakitaitambua SDHC, hata kama zote mbili ni nzima kabisa. Kadi hufanana kwa umbo. Someni maandishi yaliyo juu yake.

(Nafasi ya dakika mbili. Viongozi wa madarasa, mwonyesheni kila mtu kadi, vipande vya dhahabu na kijiti cha ubavuni.)

Karibuni tena. Tuseme kadi ni safi, kifaa ni kizima, na bado hakuna picha. Sasa iulizeni kompyuta yenyewe. Hili ni jambo moja ninalolipenda katika Linux: haifichi maradhi. Watumiaji wa mashine nyingine huambiwa tu kwamba kuna kosa, basi. Sisi twaweza kuisoma shajara nzima. Fungueni dirisha la amri na mwandike:

sudo dmesg -w

Herufi ni s, u, d, o, nafasi, d, m, e, s, g, nafasi, kistari, w. Neno la kwanza laomba ruhusa ya mwenye mashine, kwa hiyo mtaulizwa neno la siri. Mara nyingi halionekani mnapolipiga, hata nukta. Msishtuke, malizeni na mbonyeze Enter. Neno la pili lafungua shajara ya kiini cha Linux, ambamo huandikwa kila linalotokea kati ya kompyuta na vyombo vyake. Herufi w yaagiza shajara ikae wazi ikingoja mistari mipya. Mistari ya zamani itapita mbio, iacheni ipite. Itakapotulia, ingizeni kadi, na msome yale yatakayoandikwa chini kabisa. Maneno ni ya Kiingereza, lakini hayazidi machache, na mtu ayazoea upesi kama azoeavyo vibao vya barabarani. Mkitaka kuondoka katika shajara, shikeni Ctrl na mbonyeze C.

Pengine hautatokea mstari hata mmoja. Hiyo ni habari pia: kompyuta haikuhisi kwamba kuna kitu kimeingia. Rudini kwenye vipande vya dhahabu, gamba na tundu.

Pengine utakuja mstari huu:

mmc0: error -110 whilst initialising SD card

Hapa kompyuta imepiga hodi, ikangoja, na kadi haikuitikia mpaka muda ukapita. Ndiyo maana ya 110. Neno mmc latuambia kadi imetiwa katika tundu la kompyuta yenyewe, si katika kifaa cha USB. Jaribuni kifaa cha USB, maana si ajabu kadi kukataa mlango mmoja na kukubali mwingine.

Mkiona maneno USB disconnect yakirudi tena na tena nanyi hamkugusa kitu, kifaa chapoteza umeme au waya umekatika ndani. Ondoeni kigawanyio cha USB mkichomeke kifaa moja kwa moja katika kompyuta.

Mkijaribu kuifungua kadi mkaambiwa unknown filesystem type 'exfat', msiwe na hofu hata kidogo. Huo si ugonjwa, ni lugha. Kadi kubwa kuliko gigabaiti 32 kwa kawaida huandikwa kwa mpango uitwao exFAT, na kiini cha Linux kilianza kuufahamu chenyewe mwaka 2019. Kompyuta yenye Linux ya zamani zaidi yahitaji kuongezewa programu yake, kisha kadi itafunguka.

Yabaki mawili, nayo ndiyo niliyoyaona katika kadi ya jirani yangu. La kwanza:

FAT-fs (sdb1): Volume was not properly unmounted. Some data may be corrupt. Please run fsck.

Maana yake: kadi hii iliondolewa kabla karani hajamaliza kuandika katika kitabu chake, huenda mambo mengine yameharibika, tafadhali tumia fsck. Nikamwuliza mama yule, akakumbuka kwamba betri ya kamera ilikatika wakati picha ya mwisho ilipokuwa ikihifadhiwa. Basi hii fsck ni programu ya kutengeneza kitabu cha karani, nayo ni programu nzuri. Lakini hutengeneza kwa kufuta na kuandika juu ya kadi ile ile, na mizigo isiyo na mwenyewe huweza kuipa majina kama FSCK0000.REC. Shauri hilo ni jema, ila wakati wake haujafika.

La pili:

I/O error, dev sdb, sector 40968

Sekta namba 40968 imesomwa ikakataa kusomeka. Mstari kama huu ulikuja mara nyingi, kwa namba mbalimbali. Hapa si kitabu peke yake kilichochanika; baadhi ya masanduku yenyewe yameharibika. Kadi huhifadhi habari kwa kufungia chembe za umeme katika vyumba vidogo mno, kwa ufundi uliobuniwa na Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba katika miaka ya 1980. Vyumba hivyo huchakaa kwa kuandikwa na kufutwa, na umeme huvuja polepole kadi ikikaa miaka bila kutumika. Kadi iliyoanza kutoa makosa ya namna hii yaweza kufa kabisa wakati wowote, leo au mwezi ujao. Kwa hiyo kila dakika ya kuisoma itumiwe kwa kazi moja tu, nayo ni kuinakili yote.

Kwanza tujue jina lake katika kompyuta. Andikeni herufi hizi tano:

lsblk

Mtaona orodha ya diski zote na ukubwa wake. Ile kubwa, iwe sda au nvme0n1, kwa kawaida ndiyo diski ya kompyuta yenyewe. Kadi ya jirani yangu ilijiandika sdb, na ukubwa 7.4G. Msidhani muuzaji aliiba: yeye huhesabu kwa elfu, na kompyuta huhesabu kwa 1,024, ndiyo sababu 8 ikawa 7.4. Mkiona 0B badala ya ukubwa, na mmekwisha jaribu vifaa viwili au vitatu, basi ule ubongo mdogo ulio ndani ya kadi haufanyi kazi tena, na ufundi wa nyumbani umekoma hapo. Wako mafundi wenye maabara wanaoweza kuzisoma chembe za ndani moja kwa moja, lakini gharama yake ni kubwa.

Kama kompyuta imekwisha ifungua kadi yenyewe, ifungeni kwa amri hii:

sudo umount /dev/sdb1

Angalieni, neno ni umount. Hakuna n baada ya u. Wengi huandika n, nami pia kwa muda mrefu niliiandika.

Sasa nakala. Programu tutakayotumia ni ddrescue ya mradi wa GNU, iliyoandikwa na Antonio Diaz Diaz. Katika Debian na Ubuntu hupatikana kwa jina la gddrescue. Hakikisheni kwamba diski ya kompyuta ina nafasi ya kutosha, maana nakala itakuwa na ukubwa ule ule wa kadi, hata kama kadi ilijaa nusu tu. Kisha:

sudo ddrescue -n /dev/sdb kadi.img kadi.map

Hapa nawaomba mweke kalamu chini na kusikiliza. Jina la kwanza ni mahali pa kutoka, la pili ni mahali pa kwenda. Mtu asiyageuze kamwe, maana kadi ikiandikwa juu yake hakuna fundi wa kumsaidia. Someni mstari kwa sauti mbele ya mwenzenu kabla ya kubonyeza Enter. Nami nilimwambia jirani yangu ausome, ingawa hajui maana yake. Macho mawili mapya huona herufi iliyopotea.

Mtauliza: mbona tusinakili kwa njia ya kawaida, kwa kuburuta picha kutoka folda hii kwenda ile? Njia ya kawaida hufika penye sekta mbovu ikang'ang'ana hapo, huku kadi ikizidi kuchoka, na mwishowe hukata tamaa na kuacha hata yaliyo mazima mbele yake. Programu ya ddrescue hufanya kama mkulima aliyeona mawingu. Huvuna kwanza mahindi yaliyosimama wazi, shamba zima, na penye miiba huruka. Akimaliza, ndipo hurudi kwenye miiba. Herufi n katika amri yetu ndiyo inayosema: miiba iache kwanza. Na ile kadi.map ni daftari lake la kukumbuka wapi amevuna na wapi bado. Umeme ukikatika katikati ya kazi, nanyi mwajua hukatika, rudieni amri ile ile, nayo itaendelea ilipoachia. Msifute daftari hilo.

Kwa jirani yangu safari ya kwanza ilichukua dakika 40. Kisha nikaandika safari ya pili, ya miiba:

sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdb kadi.img kadi.map

Yaani soma moja kwa moja kutoka kwenye kadi, na kila sekta iliyokaidi ijaribu mara 3 zaidi. Mama yule aliketi akitazama namba zikipungua kama mtu anayengoja mgonjwa hospitalini. Saa nne ya usiku nilimsihi aende kulala. Alfajiri tulikuta kazi imekwisha, na kilobaiti 96 tu ndizo zilizokataa katakata, yaani sekta 192 katika zile milioni 15.

Nikaitoa kadi, nikaifunga katika karatasi, nikaiandika tarehe. Tangu hapo hatukuigusa tena, na yote yaliyofuata yalifanywa juu ya nakala. Hata ile fsck sasa ina nafasi yake, mradi mnakili nakala kwanza na kuitumia juu ya ile ya pili. Ikiharibu, hamkupoteza kitu.

Kitabu cha karani katika kadi hii kilikuwa kimeharibika sana, basi tukatumia PhotoRec, programu ya Christophe Grenier, ambayo haiangalii kitabu hata kidogo:

photorec kadi.img

Programu hii hupita sanduku kwa sanduku ikitafuta alama. Picha ya JPEG huanza kwa baiti tatu zijulikanazo, FF D8 FF. Ikiziona, hujua kwamba hapa picha imeanza, ikaisoma na kuihifadhi. Itawauliza maswali machache, na mtajibu kwa vishale na Enter. Swali lililo muhimu ni wapi iweke picha itakazozipata. Chagueni folda ya kompyuta, msichague kadi. Itatengeneza folda iitwayo recup_dir.1, na humo mtakuta picha zenye majina mageni kama f0040968.jpg, kwa kuwa majina ya asili yalikuwa katika kitabu kilichochanika. Lakini kamera huandika tarehe na saa ndani ya picha yenyewe, basi mpangilio waweza kurudishwa, ikiwa saa ya kamera ilitegwa barabara.

Tulihesabu picha 214. Kurasa za hesabu zilikuwemo zote. Tatu kati yake zilikuwa na kijivu kitupu kuanzia katikati kwenda chini. Hizo ndizo zilizoangukia katika sekta 192 zilizokataa. Jumamosi ile wanachama waliitwa, kila mmoja akaja na kitabu chake kidogo cha akiba, na sehemu za kijivu zikajazwa kwa kusoma vitabu hivyo mbele ya wote. Palitokea ubishi kwa mtu mmoja kuhusu shilingi elfu kumi. Ulimalizwa kwa picha ya ukurasa uliofuata, ambao ulikuwa mzima.

Mama yule aliniuliza kama kadi aweza kuitumia tena baada ya kuifomati. Huenda ingekubali, hata ikafanya kazi miezi kadhaa. Nikamwambia asithubutu, sanduku lililokwisha oza halipewi barua ya pili. Akanunua mpya, na hapa naongeza neno moja kwa sababu kadi za bandia zimejaa madukani. Kadi ya bandia huandikwa gigabaiti 64, na kompyuta yaona 64, kumbe ndani kuna 8. Nafasi ya kweli ikijaa, picha zinazofuata hupotea bila onyo lolote, na mwenye kadi hugundua siku anapozihitaji. Ipo programu iitwayo f3 ya kupima jambo hili. Hujaza kadi yote kwa maandishi ya kupimia, kisha huyasoma tena na kulinganisha. Ipimeni kadi siku ya kuinunua, ingali tupu, kabla risiti haijapotea. Amri ni mbili, na mahali pa kadi andikeni njia yake kama inavyoonekana katika kompyuta yenu:

f3write /media/mimi/KADI
f3read /media/mimi/KADI

Kuhusu kuitoa kadi: Linux haiandiki kila kitu papo hapo, mambo mengine huyashika kwanza katika kumbukumbu yake, ikayapeleka kwenye kadi baadaye kidogo. Kwa hiyo mstari wa kunakili ukifika mwisho kiooni, kazi huenda bado haijaisha. Bonyezeni alama ya kutoa kadi na mngoje mpaka kompyuta iwape ruhusa. Kwa kamera, msiifungue mlango wa kadi taa yake ikiwa bado inapepesa, na betri ikionyesha kiasi kidogo, acheni kupiga picha za maana mpaka mtakapoichaji.

Kwa zoezi la juma hili, kila kikundi kichukue kadi nzima, isiyo na kitu cha thamani. Fungueni shajara kwa dmesg, ingizeni kadi, na mwandike katika daftari mistari mitano ya kwanza itakayotokea. Kisha itoeni kwa utaratibu na muandike inayotokea tena. Mkizoea kuijua sauti ya kadi nzima, mtaitambua ya kadi mgonjwa. Kiongozi wa darasa atutumie majibu kabla ya Ijumaa, na atakayekuta mstari nisioutaja leo na auandike kamili, pamoja na namba zake zote, maana nusu ya mstari hainisaidii kumjibu.

Katika somo lijalo tutaeleza jinsi chama kinavyoweza kuweka hesabu zake mahali pawili kwa wakati mmoja. Kwaherini.